Pampu Yenye Kiu

Mashine yetu ya kukamulia asali ilipoanza kunguruma kama mtu anayetafuna kokoto, kila mtu kijijini alikuja na dawa yake. Jirani mmoja alisema panya amezaa ndani ya mota. Mwingine, mfuga kuku, alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema hayo ni mafua. Baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafuga nyuki, alisema tusubiri jua lipande. Na kweli, jua lilipopanda kelele zilipungua. Lakini utaendeshaje kazi ya watu kwa kusubiri jua? Na asubuhi za mwezi wa saba huku Sikonge, hata mbuzi anatoka zizini amejikunyata.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa mashine hiyo. Nasema dereva kwa sababu sijapata jina lingine linalonifurahisha kama hilo. Shule niliishia kidato cha pili, nikaingia porini na baba kutundika mizinga, na siku mashine iliposhushwa kwenye banda la kikundi nilikuwa wa kwanza kuomba kuishika. Si ngumu kuielewa. Umeme unazungusha mota, mota inazungusha pampu, pampu inanyonya mafuta kwenye tangi na kuyasukuma kwenye silinda, na silinda inashusha bamba la chuma juu ya kikapu kilichojaa masega. Asali inatiririka chini, makapi yanabaki makavu, tayari kuchemshwa nta. Kazi yangu ni kubonyeza mpini na kutazama geji, mshale wake usipite alama nyekundu. Ikienda vizuri ni raha tupu. Unabonyeza kama unamsalimia mtu, na chuma chote kile kinakutii.

Ila sasa kilikuwa hakitii. Bamba lilishuka kwa kurukaruka, linasita, linaanguka, linasita tena. Mshale wa geji ulicheza kama bibi harusi. Asali iliruka pembeni ikawapata watu machoni. Muuza spea mmoja alitushauri tuweke mafuta mazito zaidi, tukaweka, hali ikawa mbaya zaidi.

Mashine yenyewe haikuwa yetu. Tuliiazima kutoka mradi mmoja wa mjini Tabora, kwa makubaliano kwamba mwisho wa msimu mtu wao atakuja, atatusikiliza, na ama tubaki nayo au aipeleke kijiji kingine. Wanakikundi wakaanza kunong'ona kwamba irudi tu, tutakamua kwa mikono kama zamani. Sasa hiyo mikono ya zamani ni ya nani? Ni ya bibi yangu, mama yake mama. Tangu usichana wake amekamua masega ya ukoo mzima, mpaka vidole vimejikunja kama tangawizi. Asubuhi za baridi mama ndiye anayemfunga kitenge. Mashine ilipokuja, alipumzika kukamua kwa mara ya kwanza maishani, tukampa ukuu wa kuchuja. Na bibi si mtu wa kukaa. Mashine ikiondoka, beseni la kwanza litakuwa lake, na hakuna atakayemzuia. Mimi hilo lilininyima usingizi kuliko kelele zote za pampu.

Basi nikaifungua pampu, nikaitia kwenye kiroba, nikaendesha baiskeli hadi barabara ya lami, nikadaka basi la Tabora. Bibi husema wazee wetu walipita pande hizi wakiwa na pembe na majora ya vitambaa mabegani, wakiimba, hadi pwani na kurudi. Mimi nilikuwa na pampu mapajani, na nilijiona mpagazi kamili. Nikaanza kuota, ndiyo kawaida yangu. Nikaona kila kituo cha misafara ya zamani, kutoka Tabora hadi Ujiji, kina mashine ya kukamulia asali, na mashine zote zina fundi mmoja tu, mimi. Nilikuwa nimefika mbali, nimeshanunua hata gari, kondakta aliponigonga bega.

"We kijana, mzigo wako unanivujishia mafuta kwenye viatu."

"Samahani, kaka. Unalainisha ngozi."

Hakucheka, lakini hakunishusha.

Isevya, mtaa mmoja wa Tabora, kuna fundi anayetengeneza mikono ya tipa na matrekta, mzee wa mjini mwenye kofia ya kufuma iliyobadilika rangi kwa grisi. Nikamsalimia shikamoo.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamtolea pampu. Aliifungua taratibu, akaipangusa, akanigeuzia upande wa ndani. Chuma kilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama ukuta uliotembelewa na mchwa.

"Unaona? Hapa pamepigwa."

"Na nini, fundi?"

"Mapovu."

Nikacheka. "Mapovu haya haya ya sabuni?"

"Cheka tu. Mimi pia nilicheka nikiwa na umri wako, na suruali yangu ilikuwa nzuri kuliko hiyo."

Akachukua bomba la sindano, lile la plastiki lisilo na ncha, akavuta mafuta hadi nusu, akatoa hewa yote. Kisha akaniambia nizibe mdomo wake kwa kidole gumba na nivute kwa nguvu. Nikavuta. Ndani ya mafuta yaliyokuwa safi kama chai ya rangi yakatokea mapovu meupe, madogo, mengi. Nikaachia. Yakapotea.

"Umeingiza hewa?" akaniuliza.

"Hapana, si nimeziba?"

"Sasa yametoka wapi?"

Nikaligeuza bomba kutafuta tundu.

"Yametoka humo humo kwenye mafuta. Ukivuta kitu na hakiji, kinachanika ndani. Pampu yako inanyonya, mafuta hayafiki ya kutosha, basi inatengeneza mapovu. Yakisogea upande wenye nguvu yanabanwa, yanapasuka, pa pa pa, na kila moja linabandua chembe ya chuma. Ndizo kokoto unazozisikia. Tena mafuta hayabonyei, ila mapovu yanabonyea. Bamba lako litatulia vipi, na limekalia sponji?"

Nikamuuliza kama ana pampu mpya ya kuniuzia.

"Nikuuzie ikafe kifo hicho hicho? Hii bado ina maisha. Kelele zinazidi asubuhi yenye baridi?"

"Zinazidi."

"Na mafuta mliweka yapi?"

Nikamwambia. Akashika kichwa. "Mgonjwa wa koo mmempa ugali! Rudisha mepesi. Halafu tafuta kinachomzuia kunywa. Mpira umekunjika, au chujio limeziba. Tatizo liko mdomoni, usihangaike na mkiani."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyeambiwa mtoto wake atapona. Kesho yake nikamwaga mafuta, nikafungua kifuniko cha tangi, nikaingiza mkono hadi begani. Chini kabisa, mahali mpira wa kunyonyea unapoishia, kuna kichujio cha wavu wa chuma. Vidole vyangu havikugusa chuma. Vilizama kwenye kitu laini, kama soksi iliyolowa.

Nikakivuta nje. Kilikuwa kitambaa, kimezungushwa mara mbili juu ya wavu na kufungwa kwa kamba ya gome. Kimejaa utelezi mweusi na vumbi, lakini pindo lake lilionekana bado. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kila mtu kwetu anajua pindo lile. Bibi hushona uzi mwekundu kwenye vitambaa vyake vya kuchujia asali ili visichanganyike na vya jikoni. Wanunuzi hutoka mjini kuulizia asali ya bibi wa kitambaa, kwa sababu hutakuta mguu wa nyuki wala punje ya nta. Kwa sisi watu wa asali, kitu kisichochujwa ni uchafu, hakuna mjadala.

Baba alikuja akanikuta nimekishika. Alikiangalia, kisha akageuka kutazama miti.

"Baba, ulijua?"

"Nilikuwepo. Tulipobadilisha mafuta mwezi wa tano, wewe ukiwa porini. Bibi yako alikiona kile kichujio akamwambia mama yako, hili ni chujio au dirisha? Nyuki mzima na mizigo yake anapita. Akalifunga kitambaa chake. Akina mama wakapiga vigelegele."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilitazama miti."

Nisingeweza kumlaumu. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawabishani. Wakikutana kwenye kijia, mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Baba anaweza kumwambia diwani amekosea, tena mbele ya watu, lakini kumwambia mama mkwe kwamba fundo lake lina kasoro, hapana, heri mashine ilipuke.

"Kitupe kimya kimya," akasema, bado anatazama miti.

Nikakitupa kwenye ndoo, nikarudisha pampu na mafuta mepesi. Asubuhi yake, baridi ile ile, mashine iliimba. Mshale ulipanda ukasimama. Bibi alipiga makofi kuliko wote. Nikajiona nimemaliza kazi.

Siku chache baadaye kokoto zikarudi, mbaya kuliko mwanzo. Nikafungua tangi. Safari hii kilikuwa kitambaa kipya, mizunguko mitatu, pindo jekundu linang'aa. Mama ndiye aliyenieleza. Bibi alikiona kile cha zamani kwenye ndoo, akasema vijana wa leo wamekitoa wakasahau kurudishia kingine, akaamua kutusaidia.

"Mama, si umwambie wewe? Ni mama yako."

"Nimwambie mama yangu kwamba usafi wake unaharibu kitu? Mwaka huu nimeshamkosoa mara moja, kuhusu chumvi. Inanitosha."

Nikikitoa tu, bibi atafunga kingine. Mtu wa mradi alifika kabla sijapata la kufanya. Watu walijaa bandani asubuhi, wamejifunika mashuka. Baba akaniambia niwashe ili mgeni aone. Nikawasha. Ilinguruma, bamba likaruka, likasita, likaanguka, na asali ikamchapa mgeni kwenye shati. Manung'uniko yakaanza nyuma. Irudi. Irudi tu, inatupotezea asali. Mgeni akajipangusa kwa adabu, akasema kama hatuwezani nayo si kosa la mtu, kuna kijiji kingine kinaihitaji.

Hapo ndipo nilipomwona bibi. Alivuta beseni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupandisha mikono ya gauni lake kwa vile vidole vyake, taratibu, mkono mmoja kisha mwingine. Moyo ulinipasuka. Mwenyewe hakuwa na huzuni. Alikuwa anajiandaa kwa kazi tu.

Sasa, kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia bibi jambo lolote, na huyo ni mjukuu wake. Mjukuu na bibi ni watani. Mimi ni mume wake tangu nilipozaliwa, na ndoa yetu imejaa matusi. Nilikimbia nyuma ya banda, nikavunja kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi katikati ambacho watoto hunywea. Nikachukua kikombe cha uji wa mgeni kabla hajakigusa.

"Mke wangu!" nikaita kwa sauti.

"Naam, mume wangu usiye na ndevu."

"Una kiu?"

"Nina kiu ya mume mwenye akili. Unazo?"

Banda likaangua kicheko. Hata mgeni alicheka. Nikachukua kitambaa kisafi kwenye fungu lake, nikakizungusha mara tatu kwenye ncha ya mrija, nikakifunga kwa fundo lake mwenyewe, nikakizamisha kwenye uji na kumpa ncha ya juu.

"Kunywa, mke wangu. Nimekuchujia."

Akaniangalia kwa mashaka, akanyonya. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka. Mrija ukalia krr, krr, krr.

"Haraka, mke wangu, watu wanangoja asali!" nikamhimiza.

Akavuta tena kwa nguvu hadi kilemba kikateleza. Krr, krr. Akautoa mrija mdomoni.

"Nitakunywaje na umeniziba, we mwendawazimu?"

Nilitazama mashine. Kicheko kikapungua kimoja kimoja. Bibi aliutazama mrija, akakitazama kitambaa, kisha akaigeukia mashine na kuiangalia kwa muda mrefu, kama anamtazama mtoto aliyemkuta analia.

"Huyu naye," akasema polepole, "analia hivi hivi?"

"Hivi hivi, bibi. Na akivuta sana anajitafuna ndani. Nimeona vishimo kwa macho yangu."

"Tangu mwezi wa tano?"

"Tangu mwezi wa tano."

Akasimama. Nilidhani atatoka nje, na niliogopa, maana utani una mpaka wake. Badala yake akawageukia wanakikundi wote, mikono kiunoni. "Namnyonga mtoto wa watu tangu mwezi wa tano, na ninyi mmekaa mnanipigia vigelegele! Wewe, mume wangu, mwambie baba yako mwenyekiti kwamba miti hiyo ameitazama vya kutosha."

Baba alikohoa, uso wake kwenye miti. "Mwambie bibi yako nimesikia."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikawa tayari nimeinama kufungua tangi, bibi akanishika bega.

"Subiri. Kitambaa hakiachi kazi."

"Aah, bibi!"

"Aah nini? Kinatoka mdomoni, ila kazi hakiachi. Mimi asali naichuja wakati wa kumimina. Umewahi kuniona namfunga mteja kitambaa mdomoni? Yatoeni hayo mafuta yote. Leteni ndoo safi."

Nikampigia simu fundi wa Isevya kumuuliza. Alisema wavu wa chuma uachwe wazi kama ulivyo, na mafuta yachujwe kabla hayajaingia, hata mara mbili kama bibi anapenda. Nikamwambia bibi atapenda mara tatu. Akasema basi tumwachie.

Ilikuwa kazi ya mchana mzima. Bibi alikaa juani, kitambaa kimetandazwa juu ya ndoo, mafuta yakishuka tone kwa tone, na kila tulipotaka kuharakisha alitupiga vikofi mikononi. Kilichobaki juu ya kitambaa kilikuwa vumbi na vipande vya nta, akamwonyesha mgeni kama ushahidi. Mgeni aliona. Lakini jioni, tulipomimina na kuwasha na mashine ikaimba vizuri, mfuga kuku akainua mkono akasema hilo ni jua, jua siku zote linaitibu, tungoje baridi ituambie ukweli. Niliudhika, ila alikuwa na haki. Mgeni akakubali kulala kwetu.

Kulipokucha kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Watu walikuja wengi kuliko jana, wakitoa moshi midomoni. Nikajaza kikapu masega. Nilikuwa na hakika, sitadanganya. Nilikuwa nimeliona povu likizaliwa kwa kidole changu mwenyewe na nilijua sasa halina pa kuzaliwa. Nikagusa swichi.

Mota ikavuma. Pampu ikaingia chini yake kwa sauti nzito, ya kutulia. Nikabonyeza mpini. Mshale ulipanda bila kuyumba ukasimama mahali pake. Bamba likashuka kwa uzito wote, kama mtu mzima anayeketi kwenye kiti chake, na asali ikatoka kwenye mdomo wa kikapu kwa uzi mmoja mnene, bila kukatika. Ulisikika mlio wa asali ikiingia kwenye ndoo.

"Ibaki," akasema mgeni.

Mfuga kuku alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Bibi hakupiga. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na sasa alinisukuma kwa nyonga. "Pisha, mume wangu."

Nikapisha. Aliweka kiganja chake juu ya mpini, akanitazama kuona kama nitamkataza, kisha akabonyeza. Bamba likashuka. Akaachia, likasimama. Akabonyeza tena. Midomo yake ilikuwa imefungwa kwa makini kama anatunga uzi kwenye sindano. Kikapu kilipoisha kutoa, alikagua makapi, akayafinya kidogo, hayakutoa hata tone. Akawageukia akina mama waliosimama na ndoo zao za masega, wakimkodolea macho.

"Haya, foleni ianzie hapa," akasema. "Na yeyote aliyeleta masega yenye majani ayarudishe."